Rudisha

Dada yangu alishaanguka pepa la kodi mara mbili. Masomo mengine yote alipita vizuri tu, hili moja likamgomea. Na bodi ya wahasibu ina sheria moja ya roho mbaya: wanakupa muda, na usipomaliza masomo yote ndani ya muda huo, hata uliyofaulu yanafutwa. Unaanza moja, na ada unalipa upya, kama vile hujawahi kukanyaga pale. Muda wa Dada ulikuwa unaishia kwenye mtihani huu. Akipita, ni mhasibu mwenye cheti, anaweka sahihi yake kwenye hesabu za watu. Akianguka, miaka yote ile imekwenda na maji.

Mimi na shule tuliachana mapema, hakuna aliyemlilia mwenzake. Nafunga vigae: mabafu, majiko, baraza. Kazi ikiwepo nipo, isipokuwepo napiga miluzi. Tulikuwa tunakaa watatu, mimi, Dada na Mama, vyumba viwili na ua mdogo ambao nusu nzima ni kamba za nguo.

Dada alikuwa anasoma alfajiri kabla ya kwenda kazini. Anasoma kwa kusimama, kitabu amekiegemeza kwenye debe la unga, kwa sababu anasema akikaa tu, macho yanamsaliti. Kitabu chenyewe kinene, jalada limeshang'oka. Mama alikiita tofali.

"Toa tofali lako hapo nipange vikombe."

"Mama, niache nimalize ukurasa."

"Toka mwaka juzi unamaliza huo ukurasa."

Siku moja nikamuuliza. Sikuona sababu ya kuzunguka.

"Dada, wewe kazi yako hesabu. Kutwa nzima hesabu. Unaangukaje hesabu?"

"Ndiyo hiyo kazi inayoniangusha," akasema. Akafunga tofali, akaweka kidole katikati asipoteze ukurasa. "Mkono umezoea vibaya."

Akanieleza. Alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, saruji, mabomba, rangi, masinki. Mwenye kampuni watu wanamwita Weka. Hawamwiti mbele yake. Amepata hilo jina kwa sababu kila risiti anayoipata duniani analeta mezani kwa Dada na kusema neno moja, "Weka." Maana yake iandike kwenye matumizi ya kampuni. Mafuta ya gari la mke wake, weka. Keki ya mtoto wake, weka. Kuna siku alileta risiti ya dawa ya mbwa.

"Bosi, hii ni dawa ya mbwa," Dada akamwambia.

"Mbwa anamlinda nani?"

"Wewe."

"Mimi nani?"

"Bosi."

"Mimi ndiyo kampuni. Weka."

Dada anaweka. Kazi yake ni kuandika. Mwisho wa mwaka anakuja mtu wa nje mwenye cheti, anasafisha, anapiga hesabu za kodi, anasaini, anaondoka na hela nzuri. Sasa kwenye mtihani, huyo mtu wa nje ndiyo wewe. Unapewa faida ya kampuni na orodha ndefu ya matumizi. Unapita moja moja. Tumizi la biashara kweli, unaliacha lilivyo. Tumizi la nyumbani kwa mwenye kampuni, au faini, au kitu kingine ambacho sheria haikikubali, unalirudisha. Yaani lilikuwa limepunguza faida, wewe unaliongeza tena kwenye faida, halafu ndipo faida inakatwa kodi. Neno lao ndiyo hilo: rudisha.

"Mara ya mwisho walinipa tiketi za ndege za familia ya mkurugenzi," Dada akasema. "Wamekwenda kutembea. Nikazipita kama napita jirani. Hata sikugeuka. Nimefika nyumbani, nimefungua kitabu, ndiyo naona."

"Kwa sababu ya Weka."

"Kwa sababu ya Weka."

"Basi mimi nitakuwa Weka," nikasema. "Nakuletea kitu, wewe unasema rudisha au acha. Mpaka ukome."

Akacheka, lakini hakukataa.

Tukaanza hivyo. Nilikuwa namvizia. Anatoka bafuni na taulo kichwani, namwambia, "Umeme wa ofisi." Anasema, "Acha." Anafunga kamba za viatu, "Faini ya kuegesha lori vibaya." "Rudisha." Anapuliza chai, "Mishahara ya walinzi." "Acha." "Ada ya shule ya mtoto wa bosi." "Rudisha." Mwanzoni alikuwa anafikiri kwanza. Baadaye akawa anajibu kabla sijamaliza, kama mtu anayepiga chafya.

Jumapili moja anafua uani, povu mpaka kwenye viwiko, mimi nimekaa juu ya ndoo naendelea kumtesa. Mama anachambua mchele pembeni. Naye akaona asipitwe.

"Haya, na mimi je?" Mama akasema. "Chakula ninachompikia mhasibu apate nguvu ya kufanya kazi. Si cha biashara hicho?"

"Matumizi binafsi, Mama. Rudisha."

"Rudisha?"

"Sheria hiyo."

"Sawa," Mama akasema. Mchana tumekaa kula, Dada amechota tonge la kwanza, Mama akavuta sahani yake. "Rudisha. Sheria hiyo."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Neno likawa la nyumba. Ukichukua chaja ya mtu, rudisha. Ukikalia kiti cha Mama, rudisha.

Wakati huo huo mimi nilikuwa na kazi nyumbani kwa Weka. Dada ndiye aliyenitafutia. Bafu la chumbani kwake, anataka vigae vya buluu mpaka darini, na mstari wa dhahabu katikati. Nilimwambia dhahabu itamchosha macho. Akaniambia macho ni yake. Nikafunga. Nilipomaliza akaja kuangalia, akapiga piga ukuta na pete yake.

"Hapa mbona pana mlio?"

"Mzee, kila ukuta ukiupiga una mlio."

"Wewe na dada yako midomo ni ya kiwanda kimoja," akasema. "Ijumaa njoo ofisini na bili yako."

Ijumaa nikaenda. Mtihani ulikuwa Jumatano inayofuata. Ruhusa ya kwenda kwenye mtihani Weka alishampa Dada, kwa mdomo tu, muda mrefu uliopita. Dada hakulala vizuri wiki hiyo, macho yamekuwa mekundu kama ya fundi wa kuchomelea.

Ofisi yenyewe ni kichumba ndani ya duka, kimezungushiwa kioo. Wateja wako kaunta, wewe unawaona, wao wanakuona, na mlango haufungi vizuri, kwa hiyo kila kitu kinasikika. Dada alikuwa ameinamia meza, kalkuleta upande huu, rundo la karatasi upande ule, na chini ya rundo kona ya tofali imechomoza. Weka amesimama. Nikampa bili. Akaisoma, akaguna kidogo, akaitupa mezani kwa Dada.

"Weka. Ukarabati wa ofisi."

Dada hakuinua hata kichwa. Kwa sauti ile ile ya uani, ya povu kwenye viwiko, akasema:

"Rudisha."

Mimi nilitaka kucheka. Halafu nikamwangalia Weka usoni, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Umesemaje?"

Dada ndiyo akashtuka. "Samahani bosi, nilikuwa..."

"Nirudishe? Nirudishe nini? Nimeiba?"

Kule kaunta kulikuwa na baba mmoja ameshika bomba la sinki, anauliza bei. Akageuka kututazama. Dada mmoja wa mauzo aliyekuwa anamhudumia naye akageuka.

"Hapana bosi, si kwamba wewe ndiye urudishe. Inarudi yenyewe."

"Inarudi wapi?"

"Kwenye faida."

"Faida ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni ya nani?"

"Ya kwako, bosi."

"Kwa hiyo nimejiibia mwenyewe!" Akapiga meza, kalkuleta ikaruka. "Ndani ya duka langu! Mbele ya wateja wangu! Binti ninayemlipa mimi ananiambia rudisha, kama amenikamata na kuku!"

"Ni neno la mtihani, bosi. La kodi. Naomba nikuonyeshe." Akavuta tofali, karatasi zote zikamwagika chini.

Kuona tofali ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Na unasoma kwa muda wangu!"

Nikaona nimsaidie dada yangu. "Mzee," nikasema, "usimkasirikie. Ni mchezo tu tunacheza nyumbani, ili asianguke. Mimi nakuwa wewe."

"Unakuwa mimi?"

"Ndiyo. Namletea vitu nasema, weka, weka. Yeye anasema..."

Yule dada wa mauzo cheko likamtoka. Hakucheka kwa nia mbaya, alipasuka tu, akaingia chini ya kaunta na mdomo wake. Lakini Weka si mjinga. Alimwangalia dada wa mauzo, akaniangalia mimi, akawaangalia vijana wa stoo waliokuwa wamesimama mlangoni wanatazama dari. Hapo ndipo alipojua jina lake. Sijui ni miaka mingapi watu wanamwita hivyo naye hajui.

Hakupiga kelele tena. Aliongea polepole.

"Jumatano nataka nikukute kwenye kiti hiki, saa mbili. Nisipokukuta, Alhamisi usijisumbue." Akanigeukia. "Na wewe toka."

Nyumbani Mama alisikiliza yote bila kuacha kukunja nguo.

"Mwombe radhi."

"Nimemwomba," Dada akasema. "Anasema nimwombe mbele ya wale wateja waliosikia. Yule baba wa bomba nitampata wapi?"

"Basi Jumatano nenda kazini. Mtihani utarudia."

"Mama, hakuna kurudia. Nikikosa hili, yote yamefutwa. Nimekueleza."

"Umenieleza, lakini ninayekwenda dukani kila siku ni mimi. Mshahara wako ndiyo kodi ya nyumba hii. Huyu," akaninyooshea kidole na soksi, "leo ana kazi kesho hana."

Hilo sikubishana nalo. Ni kweli.

"Niende nikazungumze naye?" nikauliza.

"Usithubutu," Dada akasema. "Ukienda tena nitafukuzwa mpaka kwenye nyumba hii."

Jumamosi na Jumapili hakusema kama anakwenda ama haendi. Alisoma. Nilijaribu kumrushia, "Saluni ya mke wa bosi!" akajibu "Rudisha," lakini kavu, kama anajibu karani wa benki. Mama naye aliacha utani. Sahani zilikaa mahali pake. Jumatatu akaenda kazini, Jumanne akaenda kazini. Akasema Weka hamsalimii, anapitisha risiti chini ya mlango wa kioo kama analisha mgonjwa wa kuambukiza.

Jumatano akavaa blauzi yake nyeupe na sketi nyeusi. Nguo hizo hazikusema kitu, maana ndizo za ofisini na ndizo za mtihani. Akatia kalkuleta kwenye mkoba. Hiyo nayo haikusema kitu. Mama alikuwa mlangoni, akamfungia kifungo cha nyuma ya shingo, akampiga kibao kidogo begani, akaingia ndani. Mimi nilikuwa na kazi ya jiko mitaa ya njia hiyo hiyo, nikabeba mwiko wangu tukaongozana.

Tulitembea mpaka kwenye njia panda ya duka la dawa. Pale kushoto unakwenda kwa Weka. Kulia unakwenda kwenye ukumbi wa mtihani. Dada akasimama. Akainama kurekebisha kiatu ambacho hakikuwa na shida yoyote.

Nilijua siruhusiwi kumpa ushauri. Aliyekwishaharibu mara moja anakaa kimya. Lakini mdomo ni wa kiwanda kilekile.

"Kiti cha kwa Weka," nikasema.

Akainuka. Akanyoosha sketi.

"Acha," akasema, akakata kulia.

Mchana nilimsubiri nje ya ukumbi, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Wakaanza kutoka, watu wazima na masuti yao, wengine wanabishana, wengine wanatembea kama wametoka kuzika. Dada alitoka katikati, sura haisomeki.

"La kurudisha lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Swali la kwanza kabisa. Mkurugenzi amemnunulia mama mkwe wake friji."

"Ukafanyaje?"

"Nilishalipita," akasema. "Nilikuwa nimeshafika kwenye matangazo ya redio. Halafu nikasikia sauti yako mbaya."

"Ukarudi?"

"Nikarudi, nikairudisha."

Alhamisi alikwenda kwa Weka kuchukua kikombe chake na viatu vya akiba. Kwenye kiti chake alimkuta mpwa wa Weka, kijana mmoja nadhifu, anazungusha kiti. Kijana akampa Dada kikombe na viatu kwenye mfuko wa saruji. Weka mwenyewe hakujitokeza.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri wala mibaya sana. Dada aliwaandikia hesabu mwenye duka la dawa na fundi mmoja wa makochi. Mama alipunguza sukari kwenye chai kidogo kidogo, akidhani hatuoni. Mimi nilichukua kazi ambazo zamani ningezikataa, hata za kubandua vigae vya watu wengine, kazi ambayo ni kama kufua nguo za mtu asiyekushukuru. Hakuna aliyezungumza habari za mtihani. Ukiutaja, Dada anatoka nje.

Matokeo yalikuja kwenye simu, mchana, Dada anakoroga uji. Akasoma. Akaweka simu juu ya tofali, akaendelea kukoroga.

"Ni nini?" Mama akauliza.

"Nimepita."

"Yote?"

"Yote yamekwisha."

Mama akaja akamwangalia usoni kuhakikisha. "Vizuri. Sasa?"

"Sasa natafuta kazi."

"Koroga basi, unashika chini."

Hiyo ndiyo sherehe iliyofanyika.

Haikupita muda mrefu, Jumamosi moja asubuhi, gari likasimama nje. Akashuka Weka mwenyewe, na mfuko mkubwa wa plastiki kwapani. Mama akampa kiti. Akakaa pembeni pembeni, kama mtu ambaye amekuja kupima na hanunui.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo," Dada akasema. "Karibu, bosi."

"Nimesikia umepita."

"Nimepita."

"Hongera." Akaangalia kamba za nguo. "Watu wa kodi walikuja dukani. Yule mtu wangu wa nje ameacha kazi, anaumwa mgongo. Hesabu alifanya mpwa wangu."

"Akafanyaje?"

"Ameweka," akasema Weka.

"Ameweka nini?"

"Kila kitu."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Mama anaangalia mchele aliokuwa anauchambua kwa makini kupita kiasi.

"Wamenipa muda nizifanye upya," Weka akasema. "Unarudi lini?"

"Sirudi, bosi. Nitakuja kama mtu wa nje. Mara moja kwa mwaka, kwa bei ya mtu wa nje."

Weka alimwangalia sana. Akafungua mfuko. Ya juu kabisa ilikuwa bili yangu ya bafu, ile aliyoilipa kwa kuchelewa, naijua kwa alama ya kidole cha gundi. Akaishika kwa vidole viwili.

"Hii?"

Dada aliivuta akaisoma. Mimi niliangalia mlango uko wapi.

"Rudisha," akasema.

"Yaani niirudishie kampuni hela?"

"Hapana. Si kwamba unatoa kitu mfukoni uirudishe kwa mtu. Tunaiongeza kwenye faida, kisha unakatwa kodi yake, basi. Bafu ni lako, vigae ni vyako."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Weka akakaa na lile neno mkononi kama anapima uzito wake. "Sasa si ungesema?"

"Nilisema."

Mama akaleta chai. Sukari ilikuwa imerudi. Weka akanywa, akachomoa karatasi nyingine, nyingine, nyingine, na Dada anajibu bila kuinua kichwa, rudisha, rudisha, acha, rudisha. Mpaka akafika kwenye dawa ya mbwa. Akafungua mdomo aanze, mbwa anamlinda nani. Akaufunga. Akauliza kistaarabu.

"Na ya mbwa?"

"Mbwa analala wapi, bosi?"

"Nyumbani kwangu."

"Rudisha."

"Na akilala dukani? Akalinda stoo?"

Dada akafikiri. Safari hii alifikiri kweli, kalamu mdomoni. "Akilinda stoo ni matumizi ya biashara. Lakini mhamishe kwanza. Hii ya zamani inarudi."

Weka akanigeukia. Tangu ashuke kwenye gari hakuwa ameniangalia.

"Fundi. Unajua kujenga banda la mbwa?"

"Najua, mzee. Bili nilete wapi?"

Weka akaweka kikombe chini. Akanyoosha kidole kwa Dada.